Wati za kwenye boksi na wati za kweli: tuzielewe amplifaya za zamani

Geuza hio mashine yako ya sebuleni ambayo mbele imeandikwa WATI 8000 kwa rangi ya dhahabu, uisome nyuma pale unapotokea waya wa stima. Kuna kibandiko kidogo hapo ambacho muuzaji hakuonyeshi, na mara nyingi kitakwambia kwamba mashine nzima, na taa zake zote zinazocheza, inakula wati 60 au 80 kutoka ukutani. Sasa hizo 8000 itazitoa wapi? Stima haizaani ndani ya boksi. Kinachotoka hakiwezi kuzidi kilichoingia, tena hutoka pungufu manake kingine kimeshakuwa joto.

Hesabu yenyewe nyepesi, na naomba tuifanye pamoja kwa sababu ukishaishika hii hakuna mtu atakudanganya tena, si wa dukani si wa mtandaoni. Wati ni volti mara volti, alafu gawanya kwa omu za spika (kipimo cha jinsi spika inavyozuia stima). Spika nyingi za nyumbani ni omu 8. Ukitaka kuisukuma kwa wati 100 za kweli unahitaji kama volti 28 kwenye waya wa spika, basi. Ukitaka wati 8000 kwa spika hio hio unahitaji volti 253, yaani zaidi ya zile 240 zilizoko kwenye soketi yako, waya wa spika ungekuwa unaua watu. Na plagi yetu hii ya miguu mitatu fyuzi yake kubwa ni ampea 13, zidisha kwa 240 upate wati 3120, hapo ndo mwisho wake, hata birika la umeme haliendi zaidi ya hapo.

Namba za aina hio huandikwa PMPO na hazina kipimo chochote kinachokubalika, kila kiwanda hujipimia kivyake. Ndo maana mtu aliyezoea namba hizo akiletewa amplifaya ya mwaka 1975, chuma kitupu, nzito mpaka mwaibeba watu wawili, akaambiwa ni wati 45 kila upande, hucheka. Arobaini na tano tu? Mimi nataka nieleze kwa nini hio 45 ni namba ya kweli na ndani ya lile boksi kuna kitu gani kinachoifanya iwe kweli, manake hapo ndo uzuri wote wa mashine hizi ulipo, na shida zake hapa kwetu pwani zatoka hapo hapo.

Kwanza tutenganishe majina, watu huyachanganya sana. Risiva ni ile yenye redio, vitasa vya besi na trebo, volyumu na amplifaya yote ndani ya boksi moja. Intigreti ni hio hio ukitoa redio. Priamplifaya ni ile sehemu ya kuchagua na kurekebisha peke yake, volyumu iko huku, pa kuchomeka santuri pako huku. Pawa amplifaya ndo yenyewe tunayoizungumzia, msuli mtupu, haina kitasa cha volyumu (chache zina vya kurekebishia nyuma), inapokea sauti ndogo ya volti moja hivi na kuikuza mpaka iweze kusukuma spika. Na hapa tahadhari kabisa, ukichukua simu ukaichomeka moja kwa moja kwenye pawa amplifaya bila prii katikati, volyumu ya simu ikiwa imejaa, amplifaya itatoa karibu nguvu zake zote papo hapo na hutakuwa na kitasa cha kukimbilia. Twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zimekufa sana kwa njia hio.

Uongo wa wati haukuanza na mashine za siku hizi. Miaka ya 1960 kule Marekani kampuni nazo zilikuwa zikijipakia namba. Kulikuwa na kipimo kiitwacho "nguvu ya muziki", ambacho kiliipima amplifaya kwa muda mfupi tu kabla volti za ndani hazijashuka, alafu wengine wakaizidisha mara mbili wakaiita kilele, wakajumlisha pande mbili, na kitu cha wati 20 kikauzwa kama 80. Ikafika pahali tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikatoa kanuni iliyoanza kufanya kazi Novemba 1974. Ukitangaza wati lazima useme ni wati za mfululizo sio za kupepesa, pande zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja, kwa spika ya omu ngapi, kutoka hezi (mitetemo kwa sekunde) ngapi mpaka ngapi, na uchafuzi wa sauti ni asilimia ngapi. Ndo maana kwenye vitabu vya mashine za miaka ile utakuta sentensi ndefu isiyopendeza inayotaja yote hayo. Mimi sentensi hio naiamini kuliko tangazo lolote.

Lakini ndani ya kanuni ile kulikuwa na sharti jengine lililowaumiza watengenezaji kweli kweli. Kabla ya kupima, amplifaya iliachwa ifanye kazi saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu zake. Mtu atasema ah, theluthi ni kazi ndogo. Sio ndogo, karibu ndio mahali inapowaka moto zaidi. Chukua amplifaya ya wati 100 ambayo ndani ina volti 45 chanya na 45 hasi. Ikitoa wati 100 kamili kwa omu 8, transista zake, vile vipande vinavyokuza sauti, hupoteza kama wati 43 zikiwa joto. Ikitoa wati 33 tu, hupoteza kama wati 49. Inatoa kidogo na inachemka zaidi! Sababu ni kwamba transista ikiwa imefunguka kabisa haizuii volti nyingi, na ikiwa imefungwa haipitishi mkondo, ila ikiwa nusu nusu inabeba vyote viwili, volti nyingi na mkondo mwingi kwa pamoja. Kwa hivyo ili kupita mtihani ule ilibidi watie hitisinki kubwa, zile mbavu za alumini, watie na transifoma isiyochoka. Sehemu kubwa ya uzito unaousikia ukiinyanyua mashine ya 1976 ni jibu la hio saa moja.

Sasa tuifungue. Kitu cha kwanza utakachokiona ni transifoma, donge la chuma na shaba, hilo peke yake laweza kuwa karibu nusu ya uzito wa mashine. Kazi yake kuteremsha 240 mpaka volti zinazotakikana. Pembeni mwake kuna makopo mawili marefu, kapasita kubwa za elektrolaiti. Haya makopo ni kama tangi la maji juu ya paa. Hapa Mombasa maji ya mfereji huja yakipenda, lakini ukifungua bomba jikoni maji yako, kwa sababu tangi lilijazwa yalipokuja. Stima yetu ni ya hezi 50, ikipita kwenye daraja la daiodi, linaloigeuza iende upande mmoja tu, inazijaza kapasita mara 100 kwa sekunde, na katikati ya kujazwa na kujazwa ni zile kapasita zinazolisha spika peke yake.

Ukubwa wa makopo una maana gani? Tuchukue namba. Ngoma imepigwa, spika imetaka ampea 2 kwa ule muda wa mia moja ya sekunde. Kapasita ya maikrofaradi 10,000 itashuka volti 2 alafu itajazwa tena, husikii kitu. Kapasita ya 2,200, ambayo ndo hupendwa kutiwa kwenye mashine za bei poa, itashuka volti 9. Kama volti zako za ndani ni 25 tu hapo umepoteza zaidi ya thuluthi kwa pigo moja, na ndo ule utasikia besi inakuwa lege lege, pigo la kwanza limekuja la pili limechoka. Kwa hivyo swali la "wati ngapi" kwa kweli ni swali la transifoma kiasi gani, kapasita kiasi gani, na chuma cha kupoza kiasi gani. Transista hizi za katikati bei yake sio kubwa, chuma na shaba ndo ghali, na ndo pa kwanza kupunguzwa kiwanda kikitaka kubana pesa. Muuzaji akikwambia "yakhe hii orijino", wewe inyanyue kwanza kabla hujamjibu.

Na masikio je, yanasemaje? Masikio hayahesabu wati moja moja. Ukizidisha wati mara mbili, kutoka 50 kwenda 100, sauti huongezeka desibeli 3, ni mabadiliko unayoyasikia lakini si ya kukushtua. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili wati lazima ziwe mara kumi. Kwa hivyo mtu anayekataa amplifaya ya wati 45 eti anatafuta ya 60 anajisumbua bure, tofauti yake ni kama desibeli moja na kidogo. Ukisikiliza taratibu sebuleni jioni, spika za kawaida za zamani mara nyingi hazili hata wati moja. Kwani hizo 44 zilizobaki za nini? Za vilele. Muziki una milima. Zein l'Abdin, mpiga udi wa taarab, akiukung'uta udi, ule mguso wa kwanza wa uzi unaweza kuwa juu ya wastani kwa desibeli 10 mpaka 20, na desibeli 20 ni wati mara mia. Kwa hivyo wastani wati nusu, kilele wati 50, vyote ndani ya kipande kimoja. Hio akiba ndo unayoilipia. Mwenye santuri za zamani za taarab, zile ndogo za lebo ya Mzuri, azicheze kwenye mashine yenye kapasita nzima alafu atanielewa. Utasikia kidole kikigusa uzi kabla ya noti yenyewe.

Kilele kikikosa nafasi hukatwa. Wimbi lililokuwa la duara juu linakuwa bapa, mafundi huita klipingi, na hapa kuna jambo watu hawaliamini mpaka waonyeshwe, kwamba amplifaya ndogo huunguza spika zaidi ya kubwa. Wimbi lililokatwa kabisa mpaka likawa mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi zuri la kimo hicho hicho. Amplifaya ya wati 20 ukiifinya mpaka mwisho wa kitasa yaweza kutema karibu 40, tena nyingi zake zikiwa sauti za juu za kukwaruza ambazo njia yake ni moja, twita. Harusi ikifika saa sita usiku na mtu bado anapandisha volyumu, twita ndo za kwanza kwenda.

Mifano sasa. Nitataja ninazozipenda, sio zote. Quad 303 ya Uingereza ilitoka 1967, wati 45 kila upande kwa omu 8, kiboksi kidogo cha rangi ya shaba na kijivu ambacho hukidhanii. Ndani yake volti zimetulizwa kwa saketi maalum zikae 67 hata stima ya ukutani ikiyumba, na kila upande sauti hupitia kapasita kabla ya kufika kwenye spika, kwa hivyo transista ikifa volti za DC (stima ya upande mmoja isiyogeuka) hazivuki kwenda kuunguza spika. Kwa mji kama wetu ambao stima hupanda na kushuka, sijaona mashine ya zamani iliyofikiriwa vizuri kuliko hii, na naisema hivo nikijua mashabiki wa Japani watanikasirikia. Kampuni hio hio, chini ya Peter Walker, ilitoa 405 mwaka 1975, wati 100, yenye ujanja wao wa kuweka amplifaya ndogo safi inayoongoza na transista kubwa zinazobeba mzigo, na haina kitu cha kurekebisha kwa bisibisi ndani, jambo ambalo fundi mvivu huliombea dua.

NAD 3020 ya 1978 sio pawa tupu, ni intigreti ya wati 20, lakini nyuma yake kuna vipini viwili vya chuma vinavyounganisha prii na pawa, ukivitoa unaitumia kama pawa amplifaya. Iliyoiunda ni akili ya Erik Edvardsen, akatia transifoma na transista zenye uwezo wa kutoa mkondo mwingi kwa muda mfupi, tena kuna swichi nyuma ya kulainisha klipingi. Wati 20 zake zimeaibisha 60 za wengine.

Wajapani wao katikati ya miaka ya 1970 waliingia vita vya risiva, kila mwaka mmoja anampita mwenzake. Pioneer SX-1250 ya 1976 ilikuwa wati 160 kila upande, 1978 wakatoa SX-1980 ya 270, uzito wake kilo 35 hivi. Zikiwa nzima ni mali. Zikiwa zimeguswa na fundi asiyejua ni msiba, manake ndani mna bodi nyingi na nyaya za kufungia kwenye vijiti, na kila moja ina umri wa karibu nusu karne. Za valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, kama Dynaco Stereo 70 ya 1959, wati 35, nitazipita haraka: sauti tamu, lakini ndani mna volti zaidi ya 400, na haitakiwi kufanya kazi bila spika kuunganishwa, transifoma yake ya kutolea sauti itaungua. Na hapa joto la chumba unalo tayari, huhitaji heta.

Sasa mzigo umefika Mombasa. Cha kwanza kabla hata hujauliza bei ni volti. Mali kutoka Uingereza haina shida, 240 kwa 240. Ya Japani ni volti 100 na ya Marekani ni 120, ukiichomeka kwenye soketi yetu utasikia mlio, harufu, alafu kimya. Tazama nyuma, nyingine zina kiswichi cha kuchagua volti, hizo zilitengenezwa kwa kusafirishwa nchi nyingi na ndizo za kutafuta. Ukigeuza kutoka 120 kwenda 240 badilisha na fyuzi, manake kwa 240 mkondo unaopita ni nusu, fyuzi ya zamani itakuwa kubwa mno na haitakulinda. Isiyokuwa na swichi itahitaji transifoma ya kuteremsha volti, na hizo nazo zinauzwa na uongo ule ule, zimeandikwa 1000 na hazifiki 300. Mimi huchukua inayosema mara mbili ya kile kibandiko cha nyuma ya amplifaya, alafu nainyanyua. Kuna na jambo la hezi: mashine ya Marekani iliyoandikwa 60Hz peke yake, hata ukiipa 120 sawa sawa, kwa hezi 50 zetu chuma cha transifoma yake hubanwa zaidi kwa kama asilimia 20, itanguruma na kupata moto. Ya Japani mara nyingi imeandikwa 50/60 kwa sababu nchi yao yenyewe imegawanyika, Tokyo hezi 50, Osaka 60.

Cha pili ni joto. Kanuni inayotumika kwa kapasita za elektrolaiti ni kwamba kila joto likipanda sentigredi 10 umri wake hukatika nusu. Mashine iliyozoea chumba cha digrii 20 Ulaya, ukiileta sebule ya Kisauni ya digrii 32, bila kuongeza hata wati moja umeshaikata umri zaidi ya nusu. Alafu sisi tuna ile tabia ya kufunika. Mama akishafuma kitambaa chake kizuri cha maua, kinatandikwa juu ya redio, juu yake inawekwa picha ya harusi, na matundu ya kutolea joto yote yamezibwa. Mwambie kwa adabu, kitambaa kiende kwenye meza. Acha nafasi ya kiganja juu na pande zote, na usiiweke juu ya dekoda wala dekoda juu yake.

Cha tatu ni chumvi, na hapa ndo mafundi wa bara hushangaa. Ukifungua mashine iliyokaa miaka kumi karibu na bahari utaona miguu ya transista imefanya kijani, vishikio vya fyuzi vimepoteza mng'ao, skrubu za chini zimekula kutu. Nyaya nyembamba za shaba kwenye maungio zinakatika ukizigusa kwa kucha. Ugonjwa wake wa kwanza ni upande mmoja kunyamaza volyumu ikiwa chini, ukipandisha ghafla unarudi. Watu husema spika imekufa au transista imekufa. Mara nyingi ni rilei. Ile "tak" unayoisikia sekunde chache baada ya kuwasha ni rilei ya ulinzi inayounganisha spika, na ndani yake kuna vidole viwili vya chuma ambavyo vimeshika utando, sauti ndogo haiwezi kuupenya, sauti kubwa inaweza. Badilisha rilei, ni kitu cha bei ndogo. Kama ni kitasa cha volyumu kinachokwaruza tumia dawa ya kusafishia maungio ya umeme, si mafuta ya cherehani, mafuta hushika vumbi na baada ya miezi uko pale pale.

Ukitaka kununua nenda na mita na globu. Globu ya zamani ya waya ndani, ya wati 60 au 100 (hizi za LED hazifai kwa kazi hii), iunge ikae njiani kwenye waya wa moto kabla ya amplifaya. Ukiwasha, ikimulika mara moja alafu ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna kilichogusana. Ikibaki imewaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, zima, na globu imekuokolea transifoma. Ikifaulu hapo weka mita kwenye DC, gusisha matundu ya spika, spika zikiwa zimetolewa. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ukiona volti nzima au mbili usiunganishe spika, na ukiona 20 au 30 hapo transista ishakwenda na rilei nayo imeganda.

Kipimo cha mwisho ni bayasi, ule mkondo mdogo unaopita kwenye transista hata muziki ukiwa kimya. Upo kwa sababu transista mbili hupokezana wimbi, moja nusu ya juu nyingine nusu ya chini, na bila huo mkondo kuna kipengele kidogo katikati ambapo zote zimelala, utakisikia kwenye sauti ndogo kama mchanga. Unapimwa kwenye rizista kubwa nyeupe zilizo karibu na transista. Ukipata milivolti 10 kwenye rizista ya omu 0.22, ni miliampea 45 hivi. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha huduma cha modeli yako, usikisie, manake ukizidisha transista zitajipika taratibu na kwa joto letu hazichukui muda. Mashine ikae imewaka kwanza, hitisinki zipate vuguvugu, ndo urekebishe.

Kabla ya mkono kuingia ndani zima, chomoa, alafu toa chaji ya zile kapasita kubwa kwa rizista ya omu 100 ya wati 5, ishikilie sekunde kama tano ukiiangalia mita ikishuka. Usizigonganishe kwa bisibisi, cheche yake hutoboa chuma na yaweza kuua kapasita yenyewe.

Kuhusu kubadilisha vitu, mimi siungi mkono wale wa kung'oa kila kitu. Kapasita za elektrolaiti za umri huo badilisha, maikrofaradi zile zile, volti zile zile au juu kidogo, na uchague zilizoandikwa digrii 105 badala ya 85. Zile za filamu ziache. Transista za mwisho kama zafanya kazi usiziguse kabisa, kwa sababu soko limejaa feki, utauziwa 2N3055 au MJ15003 yenye maandishi mazuri na ukiipasua ndani kuna kisilikoni kidogo kama punje ya ufuta. Na mashine zilizotumia vipande vya STK vya Sanyo, kile kibapa cheusi chenye miguu mingi, vizima vyake havitengenezwi tena, kwa hivyo mashine ya STK iliyokufa iache dukani hata kama wanakupa kwa bei ya sahani ya biriani.

Spika nazo zitazame omu. Nyuma ya risiva nyingi kuna A na B, ukibonyeza zote mbili na kila spika ni omu 8, amplifaya inaona 4, nyingi zitavumilia. Spika zikiwa za omu 4 inaona 2, na hapo mkondo ni mara nne ya ule iliokusudiwa, joto nalo linafuata. Kwa arusi ya uani inayotaka spika nne na waya mrefu, kodi mitambo ya kazi hio. Waya mwembamba wa milimita 0.75 kwa mita 20, kwenda na kurudi ni karibu omu moja nzima, unaipasha waya joto badala ya kusikiliza. Nyumbani chukua wa milimita 2.5, fupi, shaba sio alumini iliyopakwa rangi, ukwangue kwa wembe uone ndani ni nyekundu au nyeupe.

Na siku ya kwanza baada ya ukarabati usianze na spika zako nzuri. Unga za kubahatisha, icheze saa nzima kwa sauti ya kati, kisha zitoe, pima tena zile milivolti za DC na bayasi mashine ikiwa moto. Namba zikiwa hazijahama, ndo ulete zenyewe.